Dawa ya Wasiojikuna

Ukiwashwa mgongoni unamwita mtu akukune, na hiyo ni raha. Ukiwashwa mwili mzima, katikati ya vidole, kiunoni, kwenye makwapa, humwiti mtu. Unajificha. Ndivyo tulivyoishi hapa kijijini Navuni miaka yote ninayoikumbuka. Upele tulizaliwa tukaukuta, kama tulivyoikuta mvua ya upande huu wa kisiwa, na nani hubishana na mvua. Mtoto akilia tunasema meno. Meno yakishaota tunasema joto. Joto likipita tunasema huyu mtoto mkorofi tu, kamrithi bibi yake.

Mimi shuleni sikukaa. Baba alinitoa mapema nikamsaidie magimbi, na magimbi hayaulizi umefika darasa la ngapi. Kwa hiyo haya ya wadudu na utafiti nimeyatoa kwa nesi Unaisi, na pale nilipoyapinda nimeyapinda mwenyewe, yeye hana kosa.

Nesi Unaisi ni mtu wa kule kisiwa cha Kadavu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Alikuja na wenzake wa utafiti kwenye lori, siku ambayo ukungu ulikuwa umekaa chini sana juu ya mashamba, mpaka lori likaonekana kama linaelea. Tukakusanyika kwenye ukumbi wa kijiji, bakuli la yakona, kinywaji chetu cha mizizi kinacholegeza mwili, katikati, wakaomba ruhusa kwa mkuu wa kijiji kama inavyopasa, na vifuu vya kunywea vilipokwisha kuzunguka nesi akaanza kueleza. Alisema ndani ya ngozi ya mwenye upele kuna mdudu ambaye jicho halimwoni. Jike lake linachimba njia chini ya ngozi, linakwenda polepole huku linataga mayai. Hapo nikasinzia kidogo, yakona ilikuwa nzito, nikawaona wale wadudu kama wanawake wadogo wenye vikapu mgongoni, wanaupanda mkono wangu kwenda shamba, wanasalimiana.

Nilipozinduka alikuwa amefika kwenye jambo lenyewe. Zamani, alisema, anayejikuna ndiye aliyepewa dawa, asiyejikuna akaachwa. Ikawa kazi bure, maana mdudu anaweza kukaa kwa mtu wiki kadhaa kabla hajaanza kumwasha. Huyu anapona leo, kesho yule anamrudishia. Watafiti wakajaribu njia nyingine huku visiwani kwetu: kijiji kizima kimeze vidonge pamoja, anayejikuna na asiyejikuna. Upele ukapungua mno, na vidonda vya watoto navyo vikapungua.

Niliposikia vidonda vya watoto nikakaa wima.

Nina mjukuu, Vase, wakati ule alikuwa wa miaka mitatu. Mama yake yuko kazini hotelini kisiwa kikubwa, baba yake yuko kwenye meli, kwa hiyo mtoto analala na mimi. Kulala ni neno tu. Alikuwa anajikunja na kujikunjua kama kamba motoni, anajisugua miguu, anaamka analia bila machozi, na asubuhi macho yake yamekuwa kama ya mzee aliyefiwa. Mikono ilijaa vidonda. Daktari wa zahanati alishaniambia vidonda vya namna ile, vikikaa sana, vinaweza kumharibia mtoto figo, hata moyo. Tulimpaka dawa akapoa, upele ukarudi. Tukampaka tena, ukarudi tena. Nilianza kuogopa kumwangalia akijikuna, maana kila kucha ilipopita kwenye ngozi niliisikia huku kifuani kwangu.

Na kila mchana Vase alikuwa kwa dada yangu Laniana. Watoto wote wako kule. Laniana anasuka mikeka ya mkadi, hapa hakuna anayemfikia, na nyumba yake imetandikwa mkeka juu ya mkeka, laini, inanukia jua. Mtoto akiikanyaga tu magoti yanamlegea, analala pale pale. Huwezi kumkataza mtoto nyumba ya bibi yake. Afadhali umkataze kanisa.

Basi pale ukumbini watu wakakubali mmoja mmoja, kesho watakuja wapimwe wameze. Ndipo Laniana aliposimama. Yeye ni kiongozi wa akina mama wa kanisa, gauni lake siku zote la mikono mirefu, limepigwa pasi mpaka linakata. Akasema kwa upole kwamba yeye hajikuni, hajapata kujikuna, nyumba yake inajulikana, dawa wapewe wenye shida. Akainama, akapita mbele ya wazee kwa adabu, akaenda zake. Nesi Unaisi akasema hamlazimishi mtu, lakini kama kuna nyumba moja ambayo angeomba isibaki, ni ile wanayolala watoto wa kijiji kizima. Na lori linaondoka kesho alasiri.

Sasa mtaniambia, si dada yako, nenda kamwambie. Nyinyi mnasema hivyo. Kwetu kaka na dada wakishabalehe hawasemeshani tena. Siyo ugomvi, ni heshima. Yeye akiingia mimi natazama pembeni, mimi nikipita yeye anainamisha kichwa, na mapenzi yote yanapita kwa chakula. Sauti ya Laniana ikinielekea mimi niliisikia mara ya mwisho tukiwa watoto tunaoga mtoni.

Nikamtuma mumewe, Apenisa. Apenisa ni shemeji yangu na mtani wangu, na kumtuma mtani ni kama kumtuma mbuzi akaangalie mbogamboga. Nilimwambia, mwambie mkeo kaka yake anamwomba ameze, kwa ajili ya mtoto. Akaenda anapiga mluzi. Akarudi.

"Nimefikisha," akasema.

"Ulisemaje?"

"Nilisema kaka yako anasema mikeka yako ina wadudu wengi kuliko mvi zake."

"Mimi nilisema hivyo?"

"Hukusema, shemeji, lakini wewe unaongea kinyonge. Niliitia chumvi."

Kwamba Laniana alikasirika nililijua kabla ya kuambiwa, kwa sababu jioni ile bakuli la magimbi lilikuja na majani yake, na tui la nazi hakuna. Magimbi makavu kutoka kwa dada yako ni barua ya matusi. Nikamtuma Apenisa tena, nikamfundisha maneno kama mtoto wa sala, akayarudia vizuri mbele yangu, na alipofika kule, alinieleza mwenyewe akicheka, alisema kaka mtu analia kama kifaranga na anataka dada aje amfute kamasi. Asubuhi hapakuja chakula kabisa.

Mchana ukafika. Kutoka kwangu niliwaona watu wanatoka ukumbini, wameshameza, wanaangaliana mikono kama vile upele utaondoka wakiutazama. Mimi nilimeza mapema. Siwashwi mimi, ngozi yangu ngumu, lakini nilimeza. Vase alikuwa mdogo kwa vidonge, nesi akampaka dawa kuanzia shingoni mpaka nyayoni. Aking'aa hivyo hivyo akanishika kidole akanivuta. Alikuwa anakwenda kwa bibi yake, kama kila mchana. Na mimi nikavutwa.

Jua lilikuwa limesimama. Hakuna upepo, hata bahari ilikuwa kama imeshika pumzi. Nyumba ya Laniana ina milango miwili, na yeye alikuwa amekaa upande ule wa pili, mgongo kwangu, anasuka. Majani ya mkadi yakipita mkononi mwake yanasema shh, shh, kama mtu anayembembeleza mtu. Alijua nimeingia. Bega lake lilijua. Vase akaenda akajilaza karibu naye. Mimi nikajilaza huku mlangoni, nikafumba macho.

Wazee wetu wana neno, kwamba maneno ya aliyelala hayana mwenyewe. Mzee mmoja hapa alipata kumtukana mkuu wa kijiji usingizini, kanisani, katikati ya mahubiri, na hakudaiwa hata jino moja la nyangumi la kuomba msamaha. Alikuwa amelala, wakasema. Basi.

Nikaanza kukoroma. Nilikoroma kwanza kwa uongo, halafu sijui. Shh, shh, majani. Ile mikeka inakuchukua, nawaambieni, ni kama kulazwa juu ya maji. Nikauona mto, na maji yamepita magotini, na mama yuko ng'ambo anafua na hageuki. Na Lani yuko kwenye maji, mdogo, meno ya mbele hana. Huyo ndiye niliyesema naye. Huyo sikukatazwa.

"Lani," nikasema, "maji ya baridi?"

Majani yakanyamaza.

"Lani, mimi simletei mtu aibu. Mtoto haponi. Nampaka anapona, anakuja kulala kwako, anarudi nao. Sisemi unao. Mimi mwenyewe siwashwi na nimemeza."

Mtoni, yule msichana akatumbukiza mikono yake kwenye maji mpaka mabegani, akaiweka humo. Na ndani ya nyumba nikaisikia sauti, ya mtu mzima, ya chini, haikunielekea mimi. Ilimwelekea mtoto.

"Vase, mjukuu wangu, babu yako anaota. Usimwamshe. Wewe nitakwambia, kwa kuwa umelala nawe. Bibi yako anajikuna. Anajikuna kwa ukuti chini ya mikono ya gauni mpaka damu, mwaka wa pili huu. Mikeka hii inakwenda kwenye harusi za watu, inalaliwa na maharusi, inatandikwa chini ya maiti wa kiheshima. Wakijua, wataikunja wataiweka nje kwenye mvua. Bibi yako atakuwa nani?"

Sikufumbua macho. Mtu aliyelala hakohoi kwa huzuni, kwa hiyo nikavumilia. Mama kule ng'ambo ya mto alikuwa bado anafua. Neno lililonijia lilikuwa la nesi, lakini lilikuwa limegeuka sura, kama mtu unayemkuta ndotoni.

"Lani, nesi haulizi nani anajikuna. Anampa kila mtu. Mkuu wa kijiji amemeza, mchungaji amemeza, Apenisa amemeza na yule hata mbu hamtaki. Ukienda ukameza, wewe ni mmoja wa watu. Kijiji kizima leo ni mtu mmoja tu, na mmoja tu ndiye atakayeonekana, yule aliyekataa. Watajiuliza kwa nini. Sasa hivi wameshaanza."

Kuku mmoja akapita mlangoni akatazama ndani akaondoka. Halafu nikasikia magoti yanalia, mtu mzima anainuka, na harufu ya mafuta ya nazi ikapita juu ya uso wangu ikatoka nje.

Nilimwacha afike mbali ndipo nikafumbua macho. Vase alikuwa amelala chali, amenyoosha mikono. Nikamsogeza pembeni taratibu, nikafuata.

Ukumbini walikuwa wanafunga maboksi. Laniana alisimama mlangoni, amejinyoosha, akatangaza kwamba amekuja kuwashika mkono wale wenye shida, maana mzigo ukibebwa na wote unakuwa mwepesi. Nesi Unaisi hakutabasamu wala hakuuliza kitu. Alimpima, akahesabu vidonge, akampa maji. Apenisa akafungua mdomo wake. Nilimkanyaga mguu, na kwa mara moja katika maisha yake akaufunga. Kisha nesi akamweleza Laniana, kwa sauti ndogo ya wanawake, mambo ya shuka na nguo, zifuliwe zianikwe, mikeka iwekwe juani, wote wafanye hivyo. Kesho yake kijiji kizima kilitandaza mikeka nje, kila uwanja umejaa mikeka, ungesema watu wote wa Navuni wamehamia mbinguni wakaacha vitanda.

Siku za mwanzo kuwasha kulizidi, nesi alishatuonya, ngozi inawalilia wadudu wake. Wakarudi na vidonge vya pili, na Laniana alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Halafu, sijui niseme ilianza lini. Ilianza kama mvua inavyoacha, husikii inapoacha, unasikia tu kwamba umekuwa ukisikia vitu vingine. Mzee wa kanisa akapiga ngoma ya Jumapili na hakuja mtu. Akapiga tena. Alipita nyumba kwa nyumba akakuta watu wamelala midomo wazi, watu wazima, mama na watoto wao, na yeye mwenyewe, alikiri baadaye, alikaa kwenye ngazi ya nyumba ya mwisho akasinzia. Ibada ilisaliwa mchana. Mchungaji hakuweza kukaripia kwa sababu alichelewa pia.

Bakuli la magimbi lilikuja na tui mpaka linamwagika.

Vidonda vya Vase vilikauka, vikabaki alama za rangi ya waridi, halafu alama zikapotea nazo. Siku moja jua limeshapanda yeye bado amelala, nikaweka sikio mdomoni mwake, maana nilikuwa sijazoea kimya kile. Anapumua. Kope zinacheza. Akafumbua macho akanitazama kama mtu anayetoka safari ya mbali ambaye bado hajajua ni bandari gani hii.

"Babu, samaki kaenda wapi?"

Nikamuuliza samaki gani. Akasema samaki mkubwa, alikuwa jikoni, amevaa kofia, anaongea na bibi Laniana, na bibi anacheka, na macho ya Vase yalikuwa yamefumbwa lakini anamwona. Alikuwa hajui kitu hicho kinaitwaje. Miaka mitatu ya maisha, hakuwahi kulala muda wa kutosha kufika kule. Nikamwambia, hiyo ni ndoto, mjukuu wangu, ni yako peke yako. Akafikiri. Akauliza kama yule samaki bado yuko. Nikasema labda.

Basi akasema niache kuongea, anarudi kumwangalia, akageukia ukutani akafumba macho.