Kinga ya Yurub

Macho mekundu yalipoingia mtaa wa Iftin, Yurub, muuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, aliwashwa na kutokwa machozi siku tisa tu, akapona bila dawa. Majirani bado wanajipangusa macho, yeye keshaanza mawaidha.

"Asali, habasoda, na maziwa yangu," aliwaambia wateja. "Mwili wenye kinga hauchezewi."

Wiki mbili baadaye ukungu ukamwingia machoni. Akaongeza asali. Ukungu ukabaki palepale.

Asubuhi moja mwanamume mrefu akasimama mbele ya madumu yake. Yurub akamjua mara moja: kaka yake Mustafe, aliyetarajiwa kutoka Hadado. Akamjazia kikombe, akamwombea dua ndefu, akamlaumu kwa upole kwa kupotea. "Nyumbani kwangu ni kwako," akamwambia, soko zima likisikia.

"Amina, Yurub," sauti ikajibu. "Nilidhani hutanisamehe kamwe."

Alikuwa Khalif, mumewe wa zamani, ambaye kwa miaka sita Yurub hakumjibu hata salamu.

Alasiri hiyohiyo Yurub alikuwa kliniki. Hani, daktari kijana wa macho, alimwangalia kwa mashine akaona madoa meupe kwenye kioo cha jicho.

"Virusi vilishakufa, shangazi. Haya madoa ni askari wa mwili wako mwenyewe. Adui ameisha, wao bado wanapigana na mabaki yake."

"Kwa hiyo kinga yangu ni dhaifu?"

"La. Imezidisha bidii."

Akampa matone ya kuituliza, ayapunguze polepole kwa wiki kadhaa. Akamkanya asijinunulie mengine dukani, kwani viko virusi vya macho ambavyo matone hayo huvifungulia njia, mtu akapofuka.

Yurub aliyatia akijificha nyuma ya pazia. Kabla ukungu haujaisha, Khalif akatuma wazee wawili kuomba warudiane. Yurub angesema siku ile hakuwa akiona vizuri, soko lote lingejua kilichompata bingwa wa kinga.

"Nimemsamehe," akasema hatimaye, kwa uchungu wa mtu anayemeza shubiri. "Lakini kurudiana, hapana."

Khalif akaridhika na nusu hiyo. Siku hizi hununua maziwa kila asubuhi, na huwasimulia wateja wengine kuhusu mwanamke mwenye moyo mpana na mwili wa chuma. Yurub, ambaye sasa anamwona vizuri kabisa, humjazia kikombe na kumgeukia mteja anayefuata.