Mikono ya Folda ya Sabuni

Kampuni ya matangazo ilimwajiri mtunza picha baada ya kila mtu kushindwa kupata kitu. Picha zilirundikwa kwenye kompyuta kama nguo chafu, na kila mfanyakazi alikuwa na folda yake iliyoitwa Mpya, halafu Mpya Zaidi, halafu Mwisho, halafu Mwisho Kabisa Usiguse. Mtunza picha akajifunga kibwebwe, akafungua programu ya kupangia, akaanza. Matunda aliyaweka na matunda, watoto na watoto. Picha zilizojirudia alizifuta bila huruma.

Asubuhi moja alipofungua folda ya Sabuni, yenye picha za mikono ikifunga sabuni, mikono miwili ilitoka kwenye kioo cha kompyuta hadi viwikoni, ikamnyoosha kola. Ilikuwa imelowa kidogo. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na kovu la pasi.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama yake, Mungu amrehemu, alifunga sabuni kiwandani maisha yake yote, na kovu lile alilipata akipiga pasi sare ya shule ya huyu huyu binti.

Ikawa mazoea. Mikono ilifuta vumbi kwenye kioo, na picha ikiwekwa pasipo pake, ilimfinya sikio. Mhasibu alileta shati lishonwe kifungo. Mpika chai alilalamika tu kwamba meza zinalowa.

Mtunza picha alijivuna, tusifichane. Maktaba yake ilinyooka. Ukitaka picha ya kijiko, unaipata kabla hujamaliza kupiga chafya. Kila picha ilikuwa na lebo. Kwenye zile za sabuni aliandika: Mikono ya mama yangu, mfungaji sabuni.

Bosi akafuta, akaandika: Mikono ya Malkia. Malkia ni mwigizaji mmoja anayependwa sana, ambaye hajawahi kufua hata leso.

"Bosi, hiyo ni mikono ya mama."

"Nani asiyejua, dada? Juzi imenifunga tai. Lakini mteja anamtaka Malkia."

Tangazo la sabuni lingebandikwa mji mzima, na maneno ya lebo yangeandikwa chini yake. Mtunza picha alitaka kitu kimoja tu: mama yake aandikwe. Akaandika upya. Bosi akafuta upya.

Siku mteja, mwenye kiwanda kile cha sabuni, alipokuja kuchagua picha, alikuja na Malkia mwenyewe, kucha ndefu nyekundu. Bosi akafungua folda. Mikono ikatoka. Malkia akanyoosha mkono wake, asalimiwe. Mikono ikampita, ikampita na bosi, ikavuka meza nzima mpaka kwa mtunza picha, ikamnyoosha kola, ikampapasa shavu.

"Inakupenda," akasema mwenye kiwanda.

"Ni mama yangu. Amekufungia sabuni maisha yake yote."

"Aisee. Pole sana, binti." Alimaanisha kabisa. Kisha akatia saini, Malkia akapigwa picha ya uso, mikono ikabaki ile ile.

Tangazo lilibandikwa penye mzunguko wa barabara, kubwa kama nyumba. Chini yake: Mikono ya Malkia. Mtunza picha alipopita jioni, mikono ilishuka, ikamnyoosha kola mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kuvuka.

"Ni mama," akawaambia.

"Tunamjua," akasema muuza magazeti. "Asubuhi amenipangia meza."

Kesho yake aliingia kazini kifua mbele, akafungua folda ya Sabuni, akaandika lebo ile ile. Bosi akaifuta baada ya chai, kama kawaida.