Barabara ya Stesheni ni Nyeupe

Kwa miaka kumi na mmoja mji mzima ulimjua kwa jina la Bwana Foleni. Kila asubuhi redioni alikuwa na dakika nne zake: wapi pamejaa, wapi panapitika, wapi lori limelala katikati ya njia. Hasemi kitu mpaka madereva wawili wampigie simu na maneno yao yalingane. Hakuna aliyewahi kumshika uongo.

Halafu timu ya taifa ikashinda mechi tatu za kriketi ng'ambo, watu wakapata wazimu! Waliokuwa hawajui gongo la kriketi linashikwa upande gani, sasa wanabishana habari za ova, ile zamu ya mrushaji ya mipira sita, hadi mate yanawaruka. Kijana mmoja mtangazaji wa michezo, shati limenyooka kila siku, akapewa nusu saa nzima. Bwana Foleni akabakiziwa dakika mbili. Na fainali ikienda vizuri, mkuu wa kituo alisema, hata hizo zitapunguzwa.

Hilo lilimuuma, lakini la nyumbani lilimuuma zaidi. Mkewe naye alikuwa akicheka na redio.

"Huyu kijana ana maneno!" alisema asubuhi ya fainali, akipiga pasi blauzi. "Hivi baba watoto, mikimbio sita inapatikanaje kwa pigo moja?"

"Kamuulize mwenyewe."

Akatoka, chai kaiacha nusu. Mkewe alikuwa bado anaongea, kitu kuhusu usaili wa kazi saa tatu, lakini wivu ulikuwa umemziba masikio.

Saa mbili kasoro dakika tano, kijana hajaonekana studio. Bwana Foleni alijua kijana huja kazini kwa Barabara ya Stesheni, redio ya gari ikiwa wazi. Simu mbili zikaingia kufuatana: lori la saruji limepinduka Stesheni, hakuna kinachosogea. Akawasha maikrofoni. Shetani gani alimpitia, Mungu ndiye ajuaye.

"Barabara ya Stesheni ni nyeupe, wasikilizaji. Piteni huko."

Hata hajatulia, mlango ukafunguliwa. Kijana, kikombe mkononi, macho mekundu. Kumbe alilala kwenye kochi la ofisini, kwa kuogopa kuchelewa kutangaza saa ya mwisho ya fainali, iliyoanza alfajiri.

"Shikamoo, kaka," akasema, akakaa kazini.

Saa tatu kasorobo mkewe akapiga simu.

"Niko Stesheni, tumekwama karibu saa nzima. Dereva alitaka kuzunguka, nikamkatalia. Nikamwambia mume wangu akisema panapitika, panapitika. Nikishuka kwa miguu sifiki. Usaili ndio basi tena."

Bwana Foleni alibaki ameshika simu iliyokatika. Magari mangapi yalikuwa yakiingia kule, mpaka sasa, kwa neno lake? Akamwinamia kijana.

"Mdogo wangu, nipe nusu dakika. Nimewadanganya watu."

Kijana akatazama runinga, akamtazama yeye, akamsogezea maikrofoni.

"Wasikilizaji, Stesheni haipitiki. Nilijua tangu mwanzo. Nilisema uongo kwa wivu wangu tu. Mama watoto, nisamehe."

Hajawahi kusikilizwa na watu wengi kiasi kile. Majumbani, madukani, kwenye magari yaliyokwama, mji mzima ulikuwa umefungua redio na kunyamaza kimya, ukingoja ova ya mwisho ya kriketi.