Tangazo la Nidhamu Kwenye Kompyuta

Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025. Asubuhi Kanyangi ilikuwa na mawingu mazito na manyunyu. Kufikia jioni mvua ilikuwa kubwa, na mto ukamzuia mwalimu wetu, Mbaluka, ng'ambo ya pili.

Darasa letu la jioni hutumia kompyuta moja yenye mfumo wa Linux, na kila mwanafunzi ana akaunti yake humo. Mwalimu alikuwa ameipa akaunti yangu ruhusa, akanituma nifunge akaunti za walioacha masomo, tena niandike maneno watakayoyaona wakijaribu kuingia. Niliomba kwanza, kisha nikaandika jinsi tunavyotangaza kanisani kwetu: "Umewekwa chini ya nidhamu. Hutashiriki mpaka ukutane na wazee." Kwangu yalikuwa maneno ya upendo, maana yanamwonyesha mtu njia ya kurudi. Nikahifadhi, nikatoka.

Musyoka, mwanafunzi mwenzangu, ndiye aliyejaribu kuingia kwanza.

"Mama Kasiva! Mimi nimefanya dhambi gani?"

"Hata mimi!" Abdiya akasema. "Mimi Mwislamu, wazee wa kanisa wananitakia nini?"

Wakacheka. Nikajaribu akaunti yangu, na maneno yangu mwenyewe yakanikataa. Ndipo nikaelewa. Sikuyaweka kwenye faili ya akaunti zilizofungwa. Niliyaweka kwenye ile inayofunga mashine nzima. Sasa mwalimu peke yake, mwenye akaunti kuu, ndiye angeweza kuingia. Na kazi zetu zote zilikuwa humo ndani, zikitakiwa kutumwa kabla ya saa moja. Asiyetuma hafanyi mtihani mpaka mwaka ujao.

Kicheko kikaisha. Nikajaribu tena na tena, maneno ni yale yale. Mvua ilipiga mabati hata hatukusikiana, na hakuna aliyeniangalia usoni. Ee Bwana, nikaomba, nimewafungia watu wako, na mimi mwenyewe nimo.

Abdiya akampigia mwalimu, akaweka spika. Mwalimu akanisomea neno lake la siri, herufi moja moja. Nikaingia, nikaifuta ile faili.

"Imefunguka!" Abdiya akasema, tayari anatuma kazi yake.

Musyoka naye alipotuma, akanigeukia. "Mama, wewe bado hujakutana na wazee. Wazee ni sisi. Simama!"

Alikuwa anatania, lakini nilisimama. Nilimkumbuka Nthiwa, mmoja wa wale niliotumwa kuwafungia. Aliacha kuja tangu ajifungue, na hakuna kati yetu aliyekwenda kumwona. Mwalimu alikuwa bado kwenye simu.

"Mbele za Mungu na mbele yenu," nikasema, "sitamfungia mtu tena kabla sijafika kwake nimuulize kilichomzuia. Kesho naanza na Nthiwa."