Baiskeli ya Ubwa Mlangoni kwa Nadir

Fundi Mcha aliligeuza gurudumu la mbele kwa kidole kimoja, akalitegea sikio, akakaza njiti moja, akaligeuza tena. Bi Zeyana alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, akisugua kengele kwa ndimu na majivu. Ilikuwa baada ya alasiri, Malindi, na wachukuzi wa bandarini walikuwa wakipita na mikokoteni yao wakiomba njia.

Baiskeli ilikuwa ya marehemu mumewe, Ubwa. Ilikuwa baiskeli ya mbio ya zamani, rangi ya buluu, chuma chembamba, usukani umejikunja kama pembe za beberu. Aliinunua kwa baharia akiwa kijana, akaipanda mpaka uzeeni, kila alfajiri kwenda msikitini. Kila kona alipiga kengele ili asimshtue mtu. Mwaka jana gari lilimgonga kwenye njia ya Funguni, halikusimama. Askari walisema mzee aliteleza.

Mcha aliifungua yote. Aliloweka cheni kwenye mafuta ya taa, akanyoosha uma wa mbele uliopinda, akatia grisi mpya. Palipobakia rangi ya asili hakupagusa.

"Mzee hapakwi rangi usoni," alisema.

Malipo alikataa. "Nlijifunzia hii hii, Bi Zeyana. Mumeo kanishikia kiti kwa nyuma, kaniachia bila ya kunambia. Nkaingia na magurudumu yote kwenye vitunguu vya Bi Kazija."

"Ndiye huyo," Bi Zeyana alisema, akacheka kidogo.

Kengele ilipofungwa mahali pake, baiskeli ilijitoa barazani ilipoegemezwa, ikaondoka.

"Breki umekaza?" Bi Zeyana alimuuliza fundi.

"Nshakaza."

"Basi twende."

Ilikwenda polepole, kwa sababu ya goti la Bi Zeyana, na Mcha akafuata na spana yake mkononi. Kwenye kila kona ilisimama kumngoja, ikapiga kengele, ikaendelea. Muuza kahawa alivuta miguu yake kuipisha. Huko Funguni iliingia uwanjani kwa Nadir, ikaliegemea gari lake jeupe kwa mbele. Bati likabonyea taratibu, rangi nyeupe ikabanduka, na chini yake pakatokea mchirizi wa buluu. Gurudumu lilienea ndani ya lile bonyeo kama yai kwenye kiota.

Nadir alikuwa na hoteli Kendwa. Siku ya mazishi alibeba jeneza begani. Siku ya hitma alileta mchele na samli, na Bi Zeyana akamwombea dua yeye na watoto wake. Alipokuja kumpa pole, Bi Zeyana alimwambia maneno ambayo wafiwa wote huwaambia waliokuja: kama kuna lolote baina yako na marehemu, tumesamehe. Nadir aliinama akambusu mkono.

Sasa alitoka nje akiwa na funguo mkononi.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba. Kumbe wewe?"

Nadir aliliangalia bonyeo, kisha akamwangalia Mcha. "Lile si lilishakwisha, bibi? Ulisamehe mwenyewe, watu wanasikia."

"Nilisamehe nisilolijua."

"Msamaha ni msamaha."

"Ulipomwacha pale, alikuwa hai?"

Nadir alizigeuza funguo. "Nlikuwa na wageni, bibi. Walikuwa wanawahi boti."

Mcha aliweka spana chini ili mikono yake isiwe na kitu. Bi Zeyana alihisi mkono wake unawaka pale ulipobusiwa, akaufuta kwa ukingo wa kanga, akaufuta tena.

Askari alikuja. Aliitazama baiskeli kwa adabu, akaizunguka. "Ingekuwa na mdomo ningeiapisha," alisema, akaingia ndani kwa Nadir kunywa chai.

Gari lilipelekwa kwa fundi wa bati, likanyooshwa, likapakwa rangi. Bi Zeyana aliirudisha baiskeli nyumbani, akaifungia ukumbini kwa kufuli. Ilipofika alasiri baiskeli ilitoka, kufuli ikabaki imefungwa, na bonyeo likarudi mahali pake. Ikawa hivyo hata Nadir akachoka na mafundi. Akaliacha bonyeo. Baiskeli akaijengea kibanda kidogo cha mabati pembeni mwa gari, isije ikapata kutu kwa mvua. Wageni wanaopelekwa Kendwa sasa hupiga nayo picha kwanza, na yeye huwaambia kwamba ilikuwa ya rafiki yake. Majirani wanasema Nadir ana imani na huruma, na kwamba mjane yule angepaswa kushukuru.

Kila Ijumaa Bi Zeyana huja na kichupa cha mafuta ya nazi kwa ajili ya kiti, maana ngozi ikiachwa hupasuka. Hulainisha pale paliposhika umbo la Ubwa, kwa vidole viwili.

"Shikamoo, Bi Zeyana," Nadir husema kutoka barazani.

Maisha yake yote Bi Zeyana hakuwahi kuacha shikamoo ya mtu bila ya jibu, hata ya mtoto mtukutu. Huendelea kupaka mafuta. Nadir hurudia kwa sauti kubwa zaidi, kama kwamba bibi ana tatizo la masikio. Kisha hutazama saa, huwaita wageni, huwasha gari.

Baiskeli husogea kumpisha. Gari linapotoka uwanjani, yenyewe hupiga kengele, ili watoto wa njiani wasimame pembeni.