Sauti ya Mama Mikononi mwa Serikali

"Mheshimiwa, sitaki fidia. Nataka sauti ya mama yangu tu."

Jaji alivua miwani. Wakili wangu, Colleen Hargrave, alinivuta koti. "Keti bwana, Behrouz!" alininong'oneza. Sikuketi.

Mama aliishi Shiraz, kwetu Uajemi, nami nilikuwa Virginia nikifundisha kemia. Kila Ijumaa alinipigia simu.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Muongo mkubwa! Nakusikia ulivyokonda."

Kisha alinisimulia vituko vya majirani hadi sikio likapata moto. Hatukujua kwamba kwenye simu ile tulikuwa watatu.

Nilikamatwa kwa sababu ya pampu ya maabara niliyomtumia binamu yangu kule kwetu, nchi iliyowekewa vikwazo vya biashara. Ndipo Colleen aliponieleza kuwa ipo mahakama inayokaa faraghani. Serikali huingia peke yake, huomba kibali cha kusikiliza na kurekodi simu za mtu, na mtu mwenyewe haitwi.

"Sasa mle ndani nani alinitetea?"

"Ungemtumaje wakili, na hata hukujua kuna kesi?"

Mama alifariki nikiwa rumande. Baadaye mashtaka yalifutwa, bila maelezo, bila pole. Nilirudi kwenye nyumba ambayo Ijumaa zake zilikuwa kimya. Sikuwa nimehifadhi hata neno lake moja. Nani huhifadhi kitu anachoamini kitakuja tena wiki ijayo? Serikali ilikuwa na maneno yake yote, kwenye kanda. Ndiyo maana nilisimama mbele ya jaji yule wa Alexandria, hapo hapo Virginia.

Bi Prentiss, wakili wa serikali, alijibu kwa upole. "Mheshimiwa, kanda hizo, kama zipo, ni siri ya taifa."

Jaji alisema kibali kilitoka mahakama nyingine, ile ya faragha, na kufuli za kule yeye hana funguo zake. Ombi likakataliwa.

Nilimkuta Bi Prentiss kwenye korido, akingoja lifti. Hakunitazama.

"Profesa," alisema, sauti yake chini kabisa, "siku moja ulimwacha mama yako kwenye simu ukaenda kumfungulia mtu mlango. Alipokuwa akikungoja, aliimba."

"Wimbo gani?"

"Sijui Kiajemi," alisema, akaingia. Milango ikajifunga.

Nilibaki nimeegemea ukuta hadi Colleen aliponishika mkono. Maisha yangu yote, sikuwahi kumsikia mama akiimba.