Mapumziko Sifuri

Hii hutaiamini, na sikulaumu, maana hata kaka yangu nilipomsimulia alinishika paji la uso kuona kama nina homa. Mama yangu mzazi alikaa kwenye kiti cha mkutano, mikono ameikunja mapajani, mbele ya bosi wake na wenzake wote, huku kazi yake inaendelea kwenye meza yake, chumba kingine, wala hakuna mtu pale. Na mwenye kosa la yote yaliyofuata ni mimi, niko uani kwetu nafua mashuka.

Ngoja nianze mwanzo, nisije nikaruka utamu.

Mama ni karani wa masjala kwenye ofisi ya maji. Wako wanawake watano chumba kimoja, na Mama ndiye mkubwa wao, wanamwita Dada Mkubwa. Fomu zote za zamani za wateja, zile zilizopigwa taipu enzi hizo, zimepigwa picha zikaingizwa kwenye kompyuta. Sasa mashine ya kupiga picha haina akili. Kila fomu imeipa namba tu, moja, mbili, tatu, mpaka maelfu. Kazi ya Mama ni kufungua picha, kusoma jina la mteja, namba ya mita na mwaka, kuyaandika yawe jina la faili, kufunga, kufungua nyingine. Kutwa nzima. Mimi ningelia siku ya pili.

Akaja bosi mpya, mdogo kuliko kaka yangu, viatu vimechongoka kama mdomo wa kuku. Wanawake wakambatiza Sekunde, kwa sababu anahesabu kila kitu, mpaka muda ambao mtu anakaa chooni. Sekunde akatundika televisheni kubwa ukutani kwenye chumba cha mikutano. Inaonyesha makarani watano, na mbele ya kila mmoja idadi ya faili alizomaliza leo. Kiwango ni mia mbili kwa siku. Akasema mwisho wa mwezi, atakayekuwa mkiani atoe vitu vyake mezani aende nyumbani, asisubiri barua.

Mkiani alikuwa Mama. Themanini na tano, tisini akijitahidi sana.

Wala si uvivu. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimemvimba kwa kushika kipanya miaka kumi na moja, na yeye anakificha ndani ya mkono wa sweta. Hasemi. Mimi nilijua siku aliposhindwa kufungua chupa ya chai, akanipa eti niifungue mimi kwa sababu yeye ana haraka. Haraka ya kwenda wapi, ameketi?

Sasa mimi, hii simu mnayoniona nayo muda wote na kunisema, ndiyo shule yangu. Humo nimejifunza kuandika skripti. Skripti ni hivi: badala ya kubofya na kubofya, unafungua lile dirisha jeusi lisilo na picha hata moja, unaandika amri zako mstari kwa mstari, unazihifadhi, halafu kompyuta inazifuata yenyewe hata mara elfu bila kununa. Fungua picha hii. Soma maandishi. Chukua jina, namba ya mita, mwaka. Badilisha jina la faili. Nenda inayofuata. Na programu ya kusoma maandishi kwenye picha ipo, ya bure.

Nikaandika kwa siku tatu. Jumamosi moja Mama akaniingiza ofisini, akamwambia mlinzi kwamba nimekuja kumfutia vumbi kwenye kompyuta. Nikabonyeza. Faili hamsini zikapata majina kabla Mama hajamaliza kuvaa miwani.

Nilitegemea atanikumbatia. Akakaa chini.

"Mwanangu, unataka kuniua," akasema. "Wakiona hivi watauliza nilikuwa nafanya nini miaka yote."

Kweli kabisa, sikuwa nimewaza hilo. Basi tukaanza kazi ya pili, ambayo naapa ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza: kuifundisha mashine uzembe. Mama akawa mwalimu. Akaniambia mtu hafanyi faili mfululizo kama anakimbizwa na nyuki, anapumzika. Nikaweka mstari wa mapumziko, dakika mbili na kitu kati ya faili na faili, leo zaidi kidogo kesho pungufu kidogo. Akasema saa nne ni chai, hakuna mtu anayegusa kitu mpaka saa nne na nusu. Nikaiandikia chai. Akasema saa saba ni chakula. Nikaiandikia chakula. Akasema baada ya kula watu wanakuwa wazito. Nikaiandikia usingizi. Akasema siku za Ijumaa yule mwenzao anayeitwa Redio huwa anakuja na umbea wa wiki nzima, hapo wanapoteza nusu saa. Nikaiandikia umbea. Ile mashine ilikuwa na adabu zote za ofisini isipokuwa kupiga miayo.

Pia nikajitengenezea njia ya kuingia kwenye kompyuta ile kutoka kwenye simu yangu, ili kile kidude cha skripti kikikwama nikikwamue kutoka nyumbani. Najua. Usiniangalie hivyo.

Wiki mbili mambo yakanyooka. Mama anakaa mezani, mkono umepumzika kwenye sweta, skrini inajifanyia, yeye anatazama tu kwa uso wa mtu mwenye shughuli. Mia mbili na tatu. Mia moja tisini na nane. Mia mbili na kumi. Akatoka mkiani akawa wa pili. Uvimbe ukaanza kushuka. Nyumbani akawa anaimba jikoni, na Mama akiimba ujue mambo yapo sawa, maana sauti hana.

Alhamisi ile, Sekunde akaita mkutano wa ghafla saa tano. Simama ulipo, njoo. Mama akanyanyuka na wenzake, amefika mlangoni ndipo akakumbuka kwamba chai nimeiandika, chakula nimekiandika, umbea nimeuandika. Mkutano wa ghafla hatujauandika.

Na hakuthubutu kurudi. Sekunde alikuwa nyuma yao anahesabu hatua.

Yaliyotokea mle ndani nilisimuliwa na Redio, na kwa Redio unapata mpaka rangi ya soksi. Anasema Sekunde alisimama na fimbo kando ya televisheni, akaanza kumsifu Mama. Eti mtazameni mama huyu. Wiki tatu zilizopita alikuwa wa mwisho. Hakulalamika, hakuomba huruma, alijirekebisha. Akagusa namba ya Mama kwa fimbo. Sitini na moja. Akawageukia watu aendelee kusifu, na namba ikawa sitini na mbili. Redio akaiona. Mama akaiona. Sekunde alikuwa amewapa ukuta mgongo.

Mama akapeleka mkono chini ya meza. Mimi huko uani mikono imejaa povu, simu ikatetemeka juu ya kopo la sabuni. Ujumbe, neno moja: zima. Sijaufuta mkono, wa pili: zima sasa hivi.

Jamani! Nikajifuta kwenye gauni, nikaingia kwenye dirisha jeusi, vidole vinateleza. Kuzima kidude kizima kunataka amri ndefu kidogo, na kwa hofu ile nilikuwa nimeisahau. Nikakumbuka kuna njia ya mkato: ile namba ya mapumziko nimeiweka kwenye faili lake pembeni, kidude kinaisoma kila mzunguko. Nikasema moyoni, naweka sifuri. Sifuri si ndiyo kusimama?

Nikaweka sifuri. Nikapumua. Nikarudi kwenye mashuka.

Umeshaelewa? Mimi sikuelewa mpaka nimekamua foronya mbili. Sifuri haikuwa ya kazi. Ilikuwa ya mapumziko.

Redio anasema namba ya Mama ilisimama kidogo, Mama akashusha mabega. Halafu ikaanza. Sitini na nne. Sabini. Themanini na nane. Mia na kumi. Ikawa inazunguka kama mita ya bomba lililopasuka, na wale ni watu wa ofisi ya maji, wanaijua mita ya namna hiyo. Makarani wote wamekodoa macho. Sekunde akaona nyuso zao, akageuka.

Hapo simu yangu ikaita, Mama, lakini hasemi kitu, ameiacha wazi mapajani ili nisikie mwenyewe nilichofanya. Nikasikia sauti ya Sekunde, ya upole, ile mbaya.

"Mama, uko hapa?"

"Nipo, bosi."

"Na mikono yako iko wapi?"

"Hii hapa, bosi."

"Basi pale mezani kwako anafanya kazi nani?"

Mama akasema, "Ni mimi, bosi. Nilizipanga asubuhi. Zinajimalizia."

Kuna mtu alicheka akajifanya anakohoa. Mimi nilikuwa nimeshaikumbuka ile amri ndefu, naiandika, mtandao unazunguka, unazunguka, ukakubali. Namba ikasimama kwenye mia tatu themanini na nane. Saa tano na dakika ishirini asubuhi.

Sekunde akawatoa wengine nje. Akaenda na Mama mpaka mezani, akafungua faili kumi kwa kubahatisha, moja moja, akilinganisha jina na fomu. Zote kumi sahihi. Mama anasema hapo ndipo alipoanza kukusanya vitu vyake kwa macho: kikombe, feni ndogo, picha yetu.

Lakini Sekunde hakumfukuza. Alivuta kiti. Akamuuliza nani amekitengeneza hiki, Mama akasema ni binti yake, alijifundisha kwenye simu. Akasema Jumatatu saa tatu amlete, akionyeshe, ikiwezekana na yeye apewe meza. Kisha akasema sentensi moja ambayo Redio aliisikia kupitia tundu la kitasa.

"Kwa kidude hiki, Mama, wewe peke yako unatosha. Hao wanne sina kazi nao tena."

Mama alirudi nyumbani saa kumi na moja na hakuimba. Mimi, nisikufiche, kichwa kilikuwa kimevimba kwa furaha. Mtu mzima, bosi, ana viatu vya kuchongoka, anataka kuona kitu nilichoandika mimi kwa vidole gumba viwili. Nikaanza kumwambia Mama nitavaa nini. Akaniacha nimalize mpaka viatu.

Halafu akasema, "Kiti changu kimepona. Sasa niambie nitakaliaje, nikiangalia vinne vitupu."

Akaeleza kwamba hao wanne ndio waliomfanyia sehemu ya faili zake kimyakimya mwezi ule mkono ulipoanza kuuma, wakijua na wenyewe watashuka kwenye televisheni. Sikuwa najua. Nikamwambia basi tuseme kimeharibika. Akasema Sekunde amekiona kinaruka kwa macho yake, hatakubali. Tuseme kinakosea. Amefungua kumi, zote sahihi.

Tulikaa na hilo siku mbili. Jumapili mchana, tunamenya viazi, likanijia. Programu ile ya kusoma maandishi huwa inatoa na asilimia, yaani ina uhakika kiasi gani na ilichosoma. Ikiwa na uhakika mdogo, faili linawekwa pembeni mtu alitazame. Mimi nilikuwa nimeiambia ikipata sabini iamini na iendelee. Je, nikiiambia isiamini mpaka ipate tisini na tisa? Itakuwa kama mhasibu mwenye wasiwasi. Ina mbio zile zile, lakini karibu kila fomu itasema sina hakika, niitieni mtu.

Mama akaacha kumenya. Akaniuliza ni watu wangapi wataitwa. Nikamwambia anataka wangapi.

Tukapiga hesabu kinyumenyume. Kwa watu watano, kiwango mia mbili, kinatakiwa kiasi hiki cha wasiwasi. Ikatoka tisini na sita na nusu.

Jumatatu saa tatu nikasimama mbele ya Sekunde, nimevaa viatu vya Mama. Makarani wote wamejipanga ukutani. Nikaendesha. Kikaruka kama Alhamisi, Sekunde akachekelea, halafu ile folda ya pembeni ikaanza kujaa. Ikajaa. Akauliza ni nini hizo. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba hizo mashine haina hakika nazo, lazima zipite kwenye macho ya mtu, na Alhamisi sikuwa nimeweka kinga hiyo, zile kumi kuwa sahihi ilikuwa bahati tu. Mteja akikatiwa maji kwa jina la jirani yake, nani atajibu?

Akatoa kikokotoo. Akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena. Akasema, kana kwamba amegundua yeye, "Hapa wanahitajika watano."

Redio alitazama dari. Mama alitazama kikombe chake. Kazi sasa ni kusoma na kubofya ndiyo au hapana, kwa mkono wowote, hata wa kushoto. Televisheni imebaki pale, wote mia mbili na kitu.

Kisha Sekunde akanigeukia. Akanipiga begani, mbele ya watu wote, akasema nimejaribu, lakini kazi hii bado ni ya kitoto, mashine yangu ni nusu kipofu. Meza ya kunipa kwa sasa hana. Nirudi shule, nikijua vizuri nije.

Mashine ambayo inasoma hata herufi zilizolowa chai. Kitoto. Namba moja tu nibadilishe, tisini na sita na nusu iwe sabini, ningemfunga mdomo hapo hapo, na simu ilikuwa mkononi, dirisha jeusi liko wazi, kidole kiko juu yake. Mama hakunitazama hata kidogo. Nikasema, "Ndiyo, bosi, nitajifunza," nikaiweka simu mfukoni, kitu ambacho ukimuuliza mtu yeyote anayenijua atakuambia sijawahi kukifanya.

Mpaka leo nikipita ile ofisi naona Sekunde anavyonionea huruma kupitia dirishani. Haya niambie, na usinidanganye: ungekuwa wewe, kidole kikiwa pale juu, ungenyamaza?